Spartak Kyiv, wadada ambao kikombe hakikuwahi kuwakimbia miaka miwili

Habari zenu jamani. Wazee wetu shikamooni, dada zangu wachezaji hamjambo, makocha wenzangu salama, na nyie wazazi mliokubali kukaa kwenye hizo bechi ngumu kwa ajili ya mabinti zenu, asanteni sana. Nimeombwa niongelee klabu moja ya handiboli ya wanawake, historia yake na mafanikio yake, nikaambiwa nichague mwenyewe. Sikuchukua hata dakika. Kuna klabu moja nimeibeba kichwani tangu nikiwa mchezaji mpaka leo nafundisha, na kila nikiongea na watu wa mpira wa mikono nakuta wengi hawaijui kabisa au wameisikia jina tu. Inaitwa Spartak Kyiv, ya Ukraine, ambayo enzi zile ilikuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti.

Niseme namba kwanza maana zenyewe zinatisha. Hii timu ilichukua ubingwa wa ligi ya Umoja wa Kisovieti mara 20 mfululizo, kuanzia 1969 mpaka 1988, sio mara 20 kwa jumla, nasema mfululizo, mwaka baada ya mwaka bila kukatika. Yaani binti aliyezaliwa 1969 alitambaa, akaenda shule, akaanza kudaka mpira, akafika umri wa kuvaa jezi ya timu kubwa, na muda wote huo bingwa wa nchi alikuwa yule yule. Na ile haikuwa ligi ya kijijini, nchi ilikuwa kubwa kuliko zote duniani, ina timu za Urusi, za Lithuania, za kila upande. Žalgiris Kaunas ya Lithuania ilishachukua mpaka kombe la Ulaya kabla ya Spartak kuanza, kwa hiyo ushindani ulikuwepo wa kweli.

Alafu kombe la mabingwa wa Ulaya, hili ambalo siku hizi ndo Ligi ya Mabingwa. Spartak wanayo 13. Kila mtu hapa hata asiyeangalia michezo anajua Real Madrid, na Real Madrid mpaka 2024 walikuwa na vikombe 15 vya Ulaya walivyoanza kukusanya tangu 1956. Sasa hawa wadada wa Kyiv wamekusanya 13 ndani ya miaka 19 tu, kati ya 1970 na 1988. Kumi na tatu! Wa pili kwenye orodha ni Hypo Niederösterreich ya Austria yenye 8, na Győr ya Hungaria ambayo ndo moto wa kipindi chetu hiki ilifikisha 7 mwaka 2025. Mimi naumia, nasema ukweli, naumia kuona jina la hii klabu haliko midomoni mwa watu, na sioni sababu nyingine zaidi ya kwamba walikuwa wanawake na mchezo wao haukuwa mpira wa miguu.

Haya. Ilianzaje?

Ilianza shuleni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kule Kyiv kulikuwa na kijana anaitwa Ihor Turchyn, amezaliwa 1936, mwalimu wa mazoezi ya viungo, hajafikisha hata miaka 25. Hakuwa na jina, hakuwa na klabu. Alikuwa na wasichana wa shule, watoto kabisa, akaanza kuwafundisha handiboli wakati ambapo mchezo wenyewe kule ulikuwa bado mchanga. Kufika 1962 kile kikundi kikawa chini ya jina la Spartak. Spartak ilikuwa chama kikubwa cha michezo cha watu wa ushirika na vyama vya wafanyakazi, ndo maana mnakuta Spartak Moscow na Spartak nyingine nyingi, sio ya jeshi wala ya polisi. Sasa angalieni hesabu vizuri hapo: 1962 mpaka ubingwa wa kwanza wa 1969 ni miaka saba. Miaka saba wanafundishwa na mtu mmoja, wasichana wengine wamekua mbele ya macho yake. Mimi nikiambiwa na kiongozi wa klabu kwamba kocha apewe msimu mmoja alete kombe huwa nawaza hii miaka saba na nakaa kimya kwa heshima tu.

Kati ya wale watoto wa shule alikuwepo mmoja anaitwa Zinaida Stolitenko, mzaliwa wa Kyiv, 1946. Alikuwa na kama miaka 13 alipoanza. Baadae akaja kuolewa na kocha wake akawa Zinaida Turchyna, na kwa jina hilo ndo dunia ikamjua. Najua hapo baadhi yenu mmetazamana, kocha kumuoa mchezaji wake, na leo sisi makocha tuna miiko yetu juu ya jambo hilo na miiko hiyo naiunga mkono asilimia mia, lakini nasimulia historia kama ilivyokuwa, na huyu mwanamke uwanjani hakupewa kitu kwa sababu ya ndoa, nitawaonyesha.

Kwa wazazi ambao wanaangalia huu mchezo bila kuuelewa, naomba dakika mbili. Uwanja mita 40 kwa 20. Wachezaji saba kila upande pamoja na golikipa. Goli lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 2, na mbele yake kuna ule mstari uliojikunja wa mita 6, humo ndani ni kwa golikipa peke yake, sasa mkiona binti yenu anaruka hewani anarusha mpira kabla hajatua, ni kwa sababu hewani anaruhusiwa, akikanyaga ndani na mpira mkononi goli halihesabiwi. Mpira ukiwa mkononi una hatua tatu na sekunde tatu. Basi. Hatua tatu, sekunde tatu, na mbele yako kuna ukuta wa watu wamenyanyua mikono.

Katikati ya ule ukuta, kwa upande wa wanaoshambulia, anasimama mtu mmoja tunamwita mchezeshaji, kiungo wa kati wa nyuma. Huyo ndo ubongo. Na huyo ndo alikuwa Turchyna. Naomba mabinti wawili waje hapa mbele nionyeshe... ndio, wewe na wewe, simameni hapo kama mabeki. Mchezeshaji wa kawaida akipata mpira anaangalia nani yuko wazi, alafu anampa. Mchezeshaji mkubwa anafanya kitu kingine, anakimbilia katikati ya mabeki wawili, hapa, kwenye huu uwazi kati ya bega lake na bega lake, kwa kasi ya kweli kama anataka kurusha, na mkono ameshaunyanyua nyuma. Mmeona wamefanyaje? Wamesogeleana wote wawili. Hawajaambiana, mwili umeenda wenyewe. Sasa pale nyuma ya mgongo wa huyu kumefunguka mlango, na yule dada wa mstarini, mshambuliaji anayekaa pale kwenye ule mstari wa mita 6, aliyekuwa amekabwa, amebaki peke yake na golikipa. Pasi inapita chini, karibu na kiuno, kidole tu. Asanteni, rudini mkae. Ile nafasi haikuwepo, imetengenezwa, na imetengenezwa na mtu aliyekuwa tayari kupigwa bega na watu wawili ili mwenzake afunge, na kazi hiyo ya katikati ndo Turchyna aliifanya kwenye ngazi ya juu kwa zaidi ya miaka 20. Amezaa watoto wawili katikati ya safari hiyo hiyo na kila mara akarudi uwanjani. Shirikisho la kimataifa la handiboli lilipoangalia nyuma karne ilipoisha likamtaja kuwa mchezaji bora wa kike wa karne ya 20. Nimemaliza habari ya ndoa.

Turchyn mwenyewe alikuwa mkali, hilo halifichwi. Kelele kwenye bechi, mazoezi mazito, hakuna kubembelezana. Sisemi makocha wote tuige, mimi binafsi naamini binti anaweza kusukumwa sana bila kudhalilishwa, na kuna siku mimi mwenyewe nimevuka mstari nikamwomba mchezaji msamaha mbele ya wenzake. Lakini ukali peke yake hauwezi kushikilia timu miaka 20 jamani, watu wangeondoka tu. Kilichowashikilia ni kwamba walijuana. Unapompa mtu pasi bila kumwangalia ni kwa sababu umempa ile pasi mara elfu nyingi na mkono wake unaujua utakuwa wapi.

Sasa nafika kwenye kitu ambacho ndo kimenifanya niichague hii klabu, naomba mnisikilize hapa kuliko sehemu nyingine zote.

Watu wakisikia vikombe 13 wanadhani walikuwa wanashinda tu. Hapana. Nawasomea miaka yao: 1970, 1971, 1972, 1973. Nne mfululizo. Alafu 1974 wanapoteza, kombe linaenda kwa SC Leipzig ya Ujerumani Mashariki. 1975 limerudi Kyiv. 1976 limeenda Belgrade kwa Radnički. 1977 limerudi Kyiv. 1978 limeenda TSC Berlin. 1979 Kyiv. 1980 Radnički tena. 1981 Kyiv. 1982 Vasas ya Budapest. 1983 Kyiv. 1984 Radnički kwa mara ya tatu. 1985 Kyiv, na safari hii hawakuliachia, 1986, 1987, 1988, yote yao.

Mmesikia huo mlio? Linaenda, linarudi, linaenda, linarudi. Kuanzia 1974 mpaka 1984 walinyang'anywa kombe mara sita. Mara sita! Na mara zote sita mwaka uliofuata walikuwa wamelibeba tena. Katika miaka yote 19 hawakuwahi kukaa miaka miwili ya kufuatana mikono mitupu. Mimi hicho ndo nakiona kikubwa kuliko ile 13 yenyewe. Maana kuna klabu inashinda ikiwa juu, ikishaanguka mara moja inavunjika vipande, na nayajua haya kwa kuyaishi, mimi klabu niliyochezea ilifungwa fainali moja, moja tu, kwa goli moja, wiki iliyofuata viongozi wakaanza kutafuta mchawi, kocha akafukuzwa, wachezaji watatu wakaambiwa wamechoka, na miezi miwili mbele tulikuwa tunakuja mazoezini watu wanne, mtu wa tano ni mwenye funguo za ukumbi. Timu nzuri vile. Ilikufa kwa goli moja. Nikaja kusoma habari za Kyiv baadae sana, nikajikuta nasoma ile orodha ya miaka polepole kwa kidole kama mtu anayesoma barua, 1974 walikosa kombe na kocha alikuwa Turchyn, 1975 wakashinda na kocha alikuwa Turchyn, 1976 wamekosa, Turchyn, 1977 wamepata, Turchyn. Kila baada ya kupoteza walirudi ukumbini kwa mtu yule yule.

Na wakati huo huo walikuwa wanabeba timu ya taifa. Hapa kuna kitu lazima mabinti mkijue. Handiboli ya ndani ya wanaume iliingia Olimpiki 1972 Munich. Ya wanawake ikasubiri mpaka 1976 Montreal. Kwa hiyo Spartak tayari walikuwa na vikombe vitano vya Ulaya kabla Olimpiki haijawafungulia mlango wanawake kwenye huu mchezo, na Turchyna alicheza Olimpiki yake ya kwanza ana miaka 30, umri ambao wengi mnaambiwa mstaafu. Kocha wa taifa alikuwa Turchyn na wachezaji wengi aliwatoa klabuni kwake. Montreal timu zilikuwa sita, kila mmoja akacheza na kila mmoja, Wasovieti wakashinda mechi zote tano wakachukua dhahabu, Ujerumani Mashariki fedha, Hungaria shaba. Moscow 1980, timu sita tena, dhahabu tena, Yugoslavia wa pili.

Hapo Moscow kati ya hizo timu sita kulikuwa na Kongo, ya Brazzaville. Ndio, wadada wa Kiafrika, timu ya kwanza ya wanawake ya handiboli kutoka bara letu kufika Olimpiki, waliingia kiwanja kimoja na Turchyna na wenzake wa timu ya Wasovieti kina Larysa Karlova na Tetyana Kocherhina. Walifungwa, wote tunajua walifungwa. Lakini walikuwepo, na hao hao Kongo walikuwa mabingwa wa Afrika 1979 na wakaendelea 1981, 1983 na 1985, alafu zamu ikaja kuwa ya Angola ambao 2016 pale Rio walifika robo fainali ya Olimpiki. Nikisema historia ya Kyiv siyo ya kwao peke yao namaanisha hivyo, kuna picha moja ya mwaka 1980 ambayo na sisi tumo.

Olimpiki ya 1984 Wasovieti hawakwenda, ule ulikuwa mgomo wa kisiasa, dhahabu ikachukuliwa na Yugoslavia. Fikiria mchezaji aliye kwenye kilele chake anaambiwa mwaka huu hakuna Olimpiki, sababu yenyewe haihusiani na mpira. Lakini katikati ya hapo walichukua ubingwa wa dunia 1982 na wakauchukua tena 1986. Na 1988 Seoul Turchyna akarudi. Ana miaka 42. Alitoka na shaba, Korea Kusini walichukua dhahabu na Norway fedha, na Karlova pia alikuwepo, wote wawili walikuwa na dhahabu mbili nyumbani tayari. Najua watu wanaona shaba ni kushuka. Mimi nikiangalia mama wa miaka 42 anasimama katikati ya ule ukuta niliowaonyesha hapa, anapigwa mabega na wasichana wa miaka 20, hiyo shaba naiheshimu sawa sawa na dhahabu zake.

Baada ya hapo mambo yakaisha haraka. 1989 ubingwa wa ligi ulienda Kuban Krasnodar, miaka 20 ikakatika. Kombe la Ulaya mwaka huo huo likaenda Austria kwa Hypo. Na safari hii halikurudi, halijarudi mpaka leo. Umoja wa Kisovieti ukavunjika 1991, Ukraine ikawa nchi huru, na pesa za vile vyama vya michezo vya serikali na vya wafanyakazi zilizokuwa zinalipa ukumbi, safari, chakula, vyote, zikakauka, wachezaji wazuri wakaanza kutafuta maisha kwenye klabu za Ulaya Magharibi. Mimi simlaumu hata mmoja, mtu anakula kwa kazi yake. Ila naomba viongozi mliopo hapa muone kwamba hata klabu yenye vikombe 13 inahitaji mtu wa kulipa umeme wa ukumbi, na sifa za zamani hazilipi umeme.

Mbegu lakini haikufa. Ukraine huru ilifika fainali ya Ulaya ya mwaka 2000 ikafungwa na Hungaria kwenye muda wa nyongeza, na 2004 Athens wakachukua shaba ya Olimpiki kwa kuwafunga Ufaransa 21 kwa 18.

Turchyn hakuyaona hayo. Novemba 7, 1993 alikuwa Bucharest, Romania, na timu yake, kwenye mechi ya kombe la Ulaya. Sio fainali, haikuwa enzi zile tena, ni klabu isiyo na pesa iliyosafiri kwenda kucheza ugenini kama klabu nyingine yoyote. Moyo wake ulikuwa unamsumbua kwa muda. Siku hiyo ukasimama. Zilikuwa zimebaki siku tisa afikishe miaka 57, na zaidi ya 30 kati ya hiyo alikuwa na timu ile ile aliyoianzisha na watoto wa shule.

Na mliokuwa mnasikiliza vizuri najua mshaanza kujiuliza nani alirudi ukumbini Kyiv kuwapokea wale wasichana baada ya mazishi. Ni Zinaida. Yule mtoto wa miaka 13 wa mwaka 1959 ndo aliishika klabu.

Asanteni sana, mimi naishia hapo. Kama kuna maswali niulizeni tu, na wale mabinti wawili wa mwanzo msikae mbali, tukimaliza nataka turudie ile ya mabega, huyu wa kushoto ulichelewa kusogea na nimekuona.